Shajara ya mradi: cherero aliyefiwa na hatua za kumpatia mwenzi, Entebbe

Shajara hii inamfuata cherero mmoja wa Fischer tangu siku mwenzake alipokufa hadi alipokubali kulala ubavuni mwa ndege mwingine. Chumba ni kimoja, kina madirisha mawili, na ndani yake kulikuwa na matundu mawili: la Nyekundu na Njano, na la majirani wenye pete za kijani. Majina ni rangi za pete za miguuni. Bei zote ni shilingi za Uganda. Usafi wa kila siku, maji na chakula cha kawaida havielezwi sana. Nafasi imepewa mambo yaliyokwama.

Kwa anayeanza: cherero ni kasuku wadogo wa jenasi Agapornis, spishi tisa, nane za bara la Afrika na moja ya Madagaska. Uganda ina wa kwake porini, mmojawapo akiwa cherero kichwa-chekundu, lakini wanaofugwa sana ni wa Fischer, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, na wale wa uso wa waridi kutoka Namibia na nchi jirani. Jozi hushikamana mapema, mara nyingi kabla hata ya umri wa kutaga. Kinachowaunganisha ni shughuli za kila saa: kuchambuana manyoya ya kichwa na shingo, mahali ambapo mdomo wa mwenyewe haufiki, kulishana chakula kilichocheuliwa, kula, kuoga na kulala kwa wakati mmoja, kuitana kila mwenzi anapotoweka machoni. Mmoja akifa, ratiba nzima ya yule mwingine inavunjika, na kinachovunjika kwanza ni kula.

9 Februari 2025: mzoga kwanza

Njano alikutwa alfajiri sakafuni mwa tundu, manyoya ya chini ya mkia yamelowa, tumbo limejaa. Kwenye kisanduku cha kiota mlikuwa na mayai tisa. Nyekundu alikuwa juu ya fito akiita bila kukoma.

Wengi hukimbilia kununua ndege mwingine siku hiyohiyo kwa imani kwamba aliyebaki atakufa kwa huzuni. Cherero wa pili akifa wiki hiyo, mara nyingi amekufa kwa kilekile kilichomuua wa kwanza: maambukizi, moshi, sumu ya zinki kutoka kwenye waya mpya, au nafaka yenye kuvu. Kumleta mgeni kabla ya kujua sababu ni kumweka ndege mwingine hatarini.

Glavu na barakoa huvaliwa kabla ya kugusa chochote, kwa sababu bakteria Chlamydia psittaci humpata binadamu kupitia vumbi la kinyesi na manyoya. Mzoga hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo ili vumbi litulie na mwili upoe upesi, ukafungwa katika kavera (mifuko ya plastiki) mbili na kuwekwa kwenye friji. Usiwekwe kwenye friza: barafu hupasua seli, na daktari akifungua hatasoma tishu vizuri. Ufike kwake siku hiyo au kesho yake. Uchunguzi wa mzoga uligharimu 50,000, nauli ya kwenda na kurudi 15,000.

Wakati majibu yanasubiriwa, nyumba ilikaguliwa. Kikaango kisichoshika chakula kikichomwa kupita kiasi hutoa hewa inayoua kasuku kwa dakika chache. Sigiri ya mkaa ndani ya veranda iliyofungwa huleta kaboni monoksidi. Pia dawa za mbu za kupuliza na za kuchoma, ovakedo (nyama, ganda, hata majani ya mti wake), na njugu zilizoota kuvu. Hakuna kilichopatikana.

Wapo wanaoshauri mzoga uachwe mbele ya ndege aliyebaki kwa saa moja ili aelewe. Hapa haukuachwa. Sababu ya kifo haikujulikana, na faida ya kumwachia, hata kama ipo, haiwezi kulingana na hatari ya kumwambukiza.

10 Februari: majibu, na jozi isiyokuwa ya jike na dume

Yai lenye ganda laini lilikuwa limekwama. Hakuna dalili ya maambukizi. Njano alikuwa jike.

Hapo ndipo mayai tisa yalipoanza kueleweka. Jike mmoja wa Fischer hutaga mayai 4 hadi 6, moja kila baada ya siku moja hivi. Tisa kwenye kisanduku na la kumi tumboni ni dalili ya majike wawili. Kwa cherero wa Fischer, jike na dume hawatofautiani kwa sura, na majike wawili waliofungiwa pamoja hushikamana sawasawa na jozi nyingine yoyote: wanalishana, wanachambuana, wanalala shavu kwa shavu. Tofauti ni kwamba wote wawili hutaga na hakuna yai linaloanguliwa.

Kwa hiyo Nyekundu naye huenda ni jike, huenda ana yai, na anakabiliwa na hatari ileile. Kalsiamu iliongezwa siku hiyohiyo: mifupa miwili ya ngisi (10,000), na maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa dakika 10, yakakaushwa na kupondwa hadi kuwa kama chumvi ya mawe. Kalsiamu bila vitamini D haifiki kwenye ganda, na kioo cha dirisha huzuia ile sehemu ya jua inayotengeneza vitamini hiyo. Tundu sasa linatolewa nje asubuhi kwa nusu saa, nusu yake ikiwa kivulini ili ndege achague.

Kisanduku cha kiota kilitolewa pamoja na mayai yote.

16 Februari: kisanduku kimerudi, na mizani ilivyodanganya

Kutoa kisanduku kulishindwa. Nyekundu alikwenda kwenye kona ya sakafu, akachanachana gazeti, na tarehe 14 akataga hapohapo. Tarehe 16 akataga tena. Jinsia ikathibitika, lakini kwa gharama ya mwili wake: jike akinyang'anywa mayai ghafla hutaga mengine kufidia, na kila yai linachota kalsiamu kwenye mifupa yake.

Marekebisho: kisanduku kilirudishwa mahali palepale, na mayai yote ndani yake, baada ya kuchemshwa, kupoa na kutiwa alama ya penseli ili jipya lijulikane. Aliingia akayaatamia mchana huohuo, na kutaga kukakoma. Ayakalie mpaka ayaache mwenyewe. Muda wa kuatamia ni kama siku 23.

Kosa la pili lilikuwa kwenye kusoma uzito. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja ilinunuliwa kwa 40,000, na kijiti chenye umbo la T kikafungwa juu yake ili ndege asimame. Anapimwa asubuhi, baada ya choo cha kwanza, kabla hajala. Uzito wake wa kawaida ulikuwa gramu 52. Baada ya kifo ulishuka hadi 49, kisha tarehe 13 ukapanda ghafla hadi 52. Ulisomwa kama nafuu. Kesho yake akataga, na uzito ukarudi 48. Yai la cherero lina gramu 3 hadi 4, kwa hiyo jike anayebeba yai huonekana amenona wakati misuli ya kifua inakwisha. Tangu hapo mizani haisomwi peke yake: kifua kinapapaswa kwa kidole kila baada ya siku mbili. Mfupa wa kati ukisimama kama ukingo wa kisu, ndege amepungua hata kama mizani inasema vingine.

Mpaka uliowekwa ni asilimia 10. Kwa ndege wa gramu 52, akifika 47 haachwi hadi kesho. Anapelekwa kwa daktari.

20 Februari: kula

Uzito ulikaa 48. Bakuli lilikuwa limejaa, lakini juu yake mlikuwa na maganda matupu ya jana, jambo linalowadanganya wengi: cherero humenya mbegu na kuacha ganda bakulini, na bakuli la maganda huonekana limejaa chakula. Puliza kwanza, ndipo uhukumu. Kinyesi ndicho shahidi mwingine. Ndege anayekula huacha vitone vingi vyenye umbo. Asiyekula huacha vichache, vyembamba, vya kijani kibichi iliyokolea au majimaji.

Kubadilisha chakula hakukusaidia. Mchanganyiko ulibaki uwele sehemu nne, ulezi mbili, mtama moja na alizeti kidogo, kijiko kimoja na nusu cha mezani kwa siku. Kumwongezea alizeti ili apendezwe ni njia ya mkato yenye madhara: mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na baadaye anakataa kila kitu kingine.

Kilichosaidia ni majirani. Cherero hula wanapoona wengine wakila. Tundu la Nyekundu lilisogezwa hadi hatua moja kutoka kwa jozi ya kijani, mabakuli yakahamishiwa upande unaotazamana, kwa urefu ule ule, na chakula kikawa kinawekwa kwa matundu yote mawili kwa pamoja: saa moja asubuhi na saa kumi jioni, na kuondolewa katikati. Majirani wanaposhuka kula, naye anashuka. Uzito ulirudi 50 kabla ya mwezi kuisha. Wale walikuwa chumba kimoja naye tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna hatari mpya ya maradhi iliyoongezwa.

Asiingizwe ndani ya tundu lao. Jozi iliyokwisha kushikamana humchukulia wa tatu kama mvamizi, na cherero hawapigani kwa maonyesho; wanauma vidole na uso mpaka mmoja ashindwe kukimbia.

28 Februari: vitu vilivyojaribiwa kumliwaza

Kioo na ndege wa kitambaa, 12,000 kwa jumla. Vyote viwili vimeondolewa.

Kioo kilimtuliza kwa siku mbili tatu. Kisha akaanza kukicheulia chakula, mara nyingi kwa siku, na chakula hicho kikabaki kimeganda kwenye kioo badala ya kumfikia ndege anayekihitaji. Mwenzi wa kweli hujibu, huondoka, huchoka; sura ya kwenye kioo haiondoki kamwe, hivyo jike anabaki katika hali ya kujamiiana na kutaga. Kwa jike ambaye mwenzake ametoka kufa kwa yai lililokwama, hicho ni kitu cha hatari.

Ndege wa kitambaa alinyofolewa uzi. Uzi ukimezwa huziba mfuko wa chakula shingoni, na ukimviringika kidoleni hukata damu. Kama lazima kuwe na kitu, kiwe cha kutafuna: ukuti mkavu, gunzi la mahindi, tawi bichi la mpera lenye gome.

Sauti za cherero zilizochezwa kwenye simu zilikuwa mbaya kuliko vyote. Mwito wa kundi una maana ya "niko hapa, uko wapi?" Alijibu, akasubiri, hakuona mtu, akaita kwa nguvu zaidi, na siku hiyo alikula kidogo. Kilichofanya kazi ni redio ya kawaida kwa sauti ya chini, na mtu kukaa karibu akifanya shughuli zake bila kumshika. Kuita kulipungua kukabaki nyakati mbili, alfajiri na jioni, ambazo ni nyakati za kundi kuitana hata porini.

Manyoya ya kifua yaliangaliwa kila siku. Cherero mpweke huweza kujinyofoa, na tabia hiyo ikishaota ni ngumu kuiondoa. Upande huo ulikuwa salama. Manyoya ya utosi ndiyo yaliyochakaa: vile vijiti vya manyoya mapya vilibaki na ala zake kwa kuwa hakuna wa kuzivunja. Ukungu wa maji ya vuguvugu kwa chupa ya kupulizia, mara tatu kwa wiki, ulizilegeza.

12 Machi: mayai yameachwa, tundu jipya

Nyekundu aliacha mayai mwenyewe. Yalitolewa mawili mawili, na kisanduku kikaondoka mwisho. Safari hii hakuchana gazeti wala kwenda kwenye kona.

Tundu la zamani ni eneo lake, na jike wa cherero hulinda eneo. Mgeni akitiwa humo atapigwa. Kwa hiyo lilitengenezwa tundu la tatu ambalo halina mwenyewe: urefu sentimita 90, upana 50, kimo 60, waya wenye matundu ya nusu inchi, na wavu wa kati unaochomoka. Fundi wa Katwe, Kampala, alichukua 180,000 pamoja na waya. Urefu una faida kuliko kimo, kwa sababu ndege anayefukuzwa hukimbia kwa kwenda mbele.

Waya mpya uliopakwa zinki una vumbi jeupe na matone yaliyoganda penye maungio. Cherero anapanda kwa mdomo na hulamba kila anaposhika. Siki na brashi ngumu, 9,000: kusugua, kusuuza, kuanika juani, kurudia. Matone makubwa yalikatwa kwa tupa. Hatua hii isirukwe. Sumu ya zinki huonekana kama huzuni ile ile ya kujivimbisha manyoya, kutokula, kunywa sana, na mfugaji humlilia marehemu wakati aliye hai anakufa kwa waya.

Fito ni matawi ya mpera ya unene wa milimita 12 hadi 20, yaliyooshwa na kukaushwa.

15 Machi: Buluu, karantini

Kwa jike mkali anayelinda eneo, dume ni chaguo jepesi kuliko jike mwingine. Kwa kuwa sura haisemi, kuna njia mbili za kuaminika: kipimo cha vinasaba cha unyoya, au dume ambaye tayari ana vifaranga wanaojulikana. Kupapasa mifupa ya nyonga hufaa tu kwa jike mzima aliyekwisha kutaga; kwa wachanga ni bahati nasibu. Buluu ni dume wa Fischer aliyekwisha kuzaa, naye pia alibaki bila mwenzi, na alinunuliwa kwa 100,000 akiwa na pete iliyofungwa tangu kinda.

Spishi isichanganywe. Fischer akizaa na kichwa-cheusi huzaa machotara wenye rutuba, na damu ya spishi inapotea. Akizaa na uso wa waridi huzaa machotara wasiozaa. Wala asinunuliwe cherero aliyenaswa porini: kukamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019.

Karantini ilikuwa chumba kingine, mlango umefungwa, mpaka mwisho wa Aprili. Wa zamani wanahudumiwa kwanza, mgeni mwisho, kisha mikono na nguo. Vyombo vyake haviingii chumba kikubwa. Uchunguzi wa daktari na wa kinyesi, 70,000: minyoo hapana, mdomo na koo safi. Ugonjwa wa virusi unaoharibu mdomo na manyoya ni wa kawaida kwa cherero na hauna tiba, ndiyo maana kila unyoya uliodondoka uliangaliwa kama una shina lililobana au damu ndani yake. Uzito wa Buluu ulianza 47 kwa sababu ya safari, ukapanda hadi 50.

29 Aprili: matundu mawili, kisha wavu wa kati

Kwanza matundu yaliwekwa chumba kimoja, umbali wa mita mbili, kisha sentimita 10. Wiki moja ilitosha. Ishara iliyosubiriwa ni kulala: kila mmoja akichagua fito iliyo karibu na mwenzake usiku, bila kulazimishwa na chakula, hatua inayofuata inafaa. Nyekundu alihamia upande huo siku chache tu baada ya Buluu kusogezwa.

Kisha wote wawili wakahamishiwa tundu jipya siku moja, kila mmoja upande wake wa wavu wa kati. Hapo damu ikamwagika. Wavu ulikuwa mmoja, Buluu akaushika kwa mguu ili apande, na Nyekundu akamuuma kidole cha mbele. Unga laini wa mahindi wa kupikia supu ulibanwa kwenye jeraha kwa kitambaa safi, dakika mbili bila kuchungulia, na damu ikakoma. Cherero ana damu ya takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kama mililita 5, kwa hiyo matone kumi na matano hivi si mchezo.

Marekebisho yaligharimu 18,000: wavu wa pili uliongezwa sambamba na wa kwanza, nafasi ya sentimita 3 kati yao. Wanaonana, wanasikiana, mdomo haufikii kidole. Yeyote atakayeiga aanze na nyavu mbili. Buluu alipewa siku kadhaa za kupona kabla ya kuendelea.

11 Mei: mkutano wa kwanza bila wavu

Ulivunjwa baada ya dakika chache. Nyekundu alijinyoosha, akafungua mdomo, akamfukuza Buluu hadi sakafuni na kumzuia kupanda.

Sababu zilikuwa mbili. Tundu lilikuwa na fito moja ya juu, na ya juu ndiyo ya kulala. Ndege wawili wasiozoeana hawagawani. Tena wavu ulitolewa saa kumi na mbili jioni, muda ambao kila ndege anatafuta pa kulala, yaani muda mbaya kabisa wa kuanza ujirani.

Fito mbili zilifungwa juu, kimo kimoja, kila moja kwenye ncha yake, na ya tatu chini kidogo katikati. Mabakuli mawili ya chakula na mawili ya maji, mbali mbali, pasiwe na kona ya kumzingira mtu. Kila kitu kilipangwa upya kabla ya mkutano ili Nyekundu asikute sehemu aliyokwisha kuizoea. Muda ulihamishiwa saa tatu asubuhi, wote wakiwa na njaa kidogo, na kishada cha uwele kikaning'inizwa katikati. Taulo jepesi lilikuwa mkononi. Mikono mitupu haiamui ugomvi wa cherero.

14 hadi 25 Mei: dakika zinaongezwa

Dakika ishirini, kisha nusu saa, kisha asubuhi nzima, na wavu kurudi kila mchana. Kunyang'anyana fito na kugongana midomo kuliachwa kuendelea. Kilichosimamisha kikao ni kuuma mguu, kushikilia bila kuachia, au mmoja kuzuiwa kula.

Tahadhari moja: ndege wawili kukaa karibu hakumaanishi kwamba wamepatana. Wakikaa wameshikamana, manyoya yamebanwa mwilini, shingo ndefu, wote wakitazama upande mmoja, wanaogopa kitu chumbani. Waliopatana hulegea, manyoya ya mashavu yakifunika mdomo, mguu mmoja juu.

Tarehe 19 Buluu aliinamisha kichwa na kusimamisha manyoya ya utosi mbele ya Nyekundu, ombi la kuchambuliwa. Alipuuzwa. Tarehe 22 Nyekundu alijibu, akavunja ala za manyoya kwenye shingo yake. Kulishana kulianza tarehe 24, dume akimlisha jike. Usiku wa tarehe 25 wavu haukurudishwa, na taa ndogo iliachwa ikiwaka ili wakishtuka waone pa kutua. Walilala fito moja.

Ala za utosi wa Nyekundu zilikwisha ndani ya wiki hiyo. Kazi ya chupa ya maji ikaishia hapo.

18 Juni: kuzuia mayai

Kupatana kumeleta tatizo lililotarajiwa. Nyekundu alianza kubeba vipande vya ukuti mdomoni, namna Fischer anavyobeba (yule wa uso wa waridi huvichomeka kwenye manyoya ya kiunoni), na kuvipeleka nyuma ya bakuli. Na safari hii kuna dume: mayai yatakuwa na mbegu.

Kwenye nchi za mbali na ikweta siku fupi za baridi husimamisha kutaga zenyewe. Entebbe mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, chakula hakipungui tunduni, mvua zinapita mara mbili, na mwili wa jike haupati dalili ya kupumzika. Lazima dalili hiyo itengenezwe. Shuka jeusi la pamba linafunika pande tatu za tundu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu asubuhi, upande wa nne ukiachwa kwa hewa na kuelekezwa ukutani. Ukuti, karatasi na kila kitu cha kuchana kimeondolewa. Matawi mabichi yamebaki. Mabakuli yamefungwa mbele ya waya ili kusiwe na giza nyuma yake. Alizeti imesimamishwa, mboga zimeongezwa: sukuma wiki kila siku, dodo (mchicha) mara moja moja tu kwa sababu oksaleti yake hushika kalsiamu. Kisamvu kibichi kisiguswe kabisa.

Akitaga hata hivyo, yai linachemshwa, linapoa, linarudishwa. Akikaa sakafuni amejivimbisha, mkia ukipiga kwa kila pumzi, ni joto la nyuzi 30 hivi, hewa yenye unyevu, na daktari siku hiyohiyo.

20 Julai: hali ya sasa

Nyekundu gramu 52, Buluu 51. Hakuna yai. Wanakula pamoja bila kutegemea majirani, na tundu lao limerudishwa mahali pa zamani, mbali kidogo na jozi ya kijani, kwa sababu Nyekundu alianza kuwatishia kupitia waya.

Matumizi yote yamefika 504,000. Kati ya hizo, 12,000 za kioo na ndege wa kitambaa zilipotea bure, na 18,000 za wavu wa pili zingekuwa sehemu ya bei ya fundi kama ungeagizwa tangu mwanzo. Pesa iliyolipa kuliko zote ni ile 50,000 ya uchunguzi wa mzoga: bila hiyo mayai tisa yangetupwa, na Nyekundu angeanza kutaga bila kuongezewa kalsiamu.

Kupima uzito kumepunguzwa kuwa mara mbili kwa wiki. Wavu wa kati umeoshwa na kuwekwa kando ya tundu. Nyekundu akianza kumzuia Buluu kwenye chakula kwa zaidi ya siku moja, unarudishwa jioni hiyohiyo, na dakika ishirini za asubuhi zinaanza upya.